Huduma za serikali za kuwakinga wanaoenda kazi Gulf: nimezitumia na mdogo wangu, haya ndio maoni yangu

Watu wamekuwa wakiniuliza sana kama ile rejista ya NEA, yaani mamlaka ya serikali ya ajira, ya kuangalia maajenti inafanya kazi kweli, na kama treningi inasaidia, na ukipata shida unaenda wapi, sasa nimeona niandike yote mara moja. Mimi niko saiba hapa Bombolulu, Mombasa, mwaka wa saba huu, na wasichana wanaoenda Saudi, Qatar na Dubai wanapita mezani kwangu karibu kila siku, nawajazia fomu za paspoti kwa eCitizen, nawatolea kopi, nawachapishia viza. Na mdogo wangu wa tumbo moja alipita njia hiyo hiyo mpaka mwisho, mpaka siku nilimpokea eapoti akiwa na mfuko mmoja wa nailoni na kandambili za mtu mwingine miguuni. Kwa hivyo ninachosema hapa nimekiona.

Nyota zangu kwanza halafu sababu. Huduma za kabla hujaondoka nazipa nne kati ya tano. Ukiwa kule, mbili. Ukisharudi, moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ya watu wawili watatu niliokutana nao wenye roho nzuri.

Nianze na mara ya kwanza, maana kuna mara ya kwanza ambayo tulitaka kuangamia. Ilikuwa 2021. Kuna mama mtaani kwetu anajulikana, ashapeleka wasichana wengi, watu wanamheshimu, harusi zote yuko mbele. Akamwambia mamangu ataenda naye mdogo wangu kwa elfu 35 tu, kwa basi mpaka Uganda halafu ndege kutoka Entebbe, viza ya kutembea, ukifika kule utabadilishiwa. Mamangu alikuwa ashatoa elfu 10. Mimi nikauliza ofisi yako iko wapi, akasema ofisi ni mimi. Nikauliza jina la kampuni, akasema wewe mtoto unanijua tangu utotoni leo unataka kampuni. Na kweli namjua, amenibeba mgongoni, na hapo ndipo pagumu, manake yule anayekuja kumchukua dada yako haji na sura ya jambazi, anakuja na sura ya shangazi.

Sasa kwa nini Entebbe? Nilikuja kuelewa baadaye. Uganda wana sheria yao ya kupambana na ulanguzi wa binadamu tangu 2009, Tanzania tangu 2008, kwa hivyo si kwamba kule hakuna sheria. Ni kwamba Mkenya akitokea nchi nyingine na viza ya kutembea, huku nyumbani hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba ameenda kazi. Hakuna mkataba uliopigwa muhuri, hakuna ajenti aliyeandikishwa, hakuna chochote. Akipotea ni kama hakuwahi kuondoka. Mamangu alilia ile elfu 10 lakini tuliiacha iende.

Kuna watu wanasema si serikali ipige marufuku tu hii safari yote. Ilishafanywa jamani. 2014 serikali ilifuta leseni za maajenti na kuzuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati, mpaka 2017 ndio wakafungua tena kwa kampuni zilizokaguliwa upya. Na hiyo miaka katikati wasichana hawakuacha kwenda, walipitia hizo hizo njia za panya, wengi mkononi mwa hao mashangazi. Mimi siungi mkono marufuku, nasema wazi. Mtu ana watoto wawili na kibarua cha kufua nguo shilingi 300 kwa siku, utamwambia asiende, umempa nini badala yake?

Basi, rejista. NEA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliundwa kwa sheria ya 2016 na ndiyo inayosajili maajenti wa kupeleka watu nje. Majina yao yako kwenye mtandao, unatafuta jina la kampuni unaona kama imesajiliwa na kama leseni bado iko hai. Bure kabisa, hata simu ya bando la shilingi 20 inatosha. Hii ni kitu nzuri sana na nashangaa ni wachache wanaoijua. Wateja wangu kumi wakija, wanane hawajawahi kuisikia, na wote washalipa pesa ya mwanzo.

Lakini muitumie kwa akili. Usitazame tu jina ukafurahi. Matapeli wanachukua jina la kampuni ya kweli yenye leseni, wanatengeneza barua yenye nembo, halafu wanaweka namba yao ya simu chini. Kwa hivyo mimi nikisaidia mtu huwa nalinganisha namba ya simu, mtaa na jengo, halafu nampigia yule wa kwenye rejista namuuliza, huyu anayesema ni mtu wenu mnamjua? Mara mbili nimejibiwa hatumjui. Pia tazama herufi moja moja, kuna majina yanafanana kama mapacha, moja lina neno la ziada tu mwishoni. Na leseni iliyoisha ni leseni iliyoisha, usikubali kuambiwa iko njiani.

Ningependa waiongeze mambo mawili. Kiswahili, kwa sababu anayehitaji hiyo rejista zaidi ni mama wa Kwale au Kilifi aliyeishia darasa la nane. Na historia ya malalamiko, tujue hii kampuni imelalamikiwa mara ngapi na ilirudisha watu wangapi. Hivi sasa kampuni safi na kampuni inayoua watu zinakaa kwenye orodha moja zimevaa nguo moja.

2022 tukapata ajenti mwenye leseni, sitamtaja jina. Tukaenda ofisini, kuna kiti, kuna fulana ya kampuni, risiti unapewa. Mdogo wangu akapelekwa treningi ya kazi za nyumbani, wiki mbili, na hii treningi ni sharti, usikubali kuambiwa utanunuliwa cheti. Walifundishwa mashine ya kufua, vakyumu, kupiga pasi kanzu, kumuosha mzee asiyejiweza, maneno ya Kiarabu ya jikoni. Zile mashine zilichukua siku nyingi sana, na haki zako zikachukua alasiri moja. Alasiri moja! Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja mwanamke, yeye mwenyewe alifanya kazi Jeddah miaka minne, akawaambia simu itachukuliwa, kwa hivyo namba tatu muziweke kichwani, ya nyumbani, ya ubalozi, ya ajenti. Akawa kila asubuhi anawasimamisha mmoja mmoja wazitaje kabla hawajanywa chai. Mdogo wangu aliziimba kama kaswida, usiku namsikia chumbani anazirudia. Huyo mwalimu Mungu ampe maisha marefu, kwa sababu hiyo dakika tano ya asubuhi ilifanya kazi kuliko kile kitabu chote.

Mimi nami nikafanya kazi yangu ya saiba. Kabla hajaondoka nilitoa kopi ya kila kitu, paspoti kurasa zote zenye maandishi, viza, tikiti, mkataba mbele na nyuma, vipimo vya hospitali, risiti za ajenti, hata meseji za M-Pesa nikazichapisha. Nikatia kwenye bahasha ya kaki mamangu akaiweka juu ya kabati chini ya Msahafu. Wakati huo nilifanya tu kwa sababu ya mazoea ya kazi, kopi ndio maisha yangu.

Sasa kule. Mkataba ulisema nyumba moja, watu watano, riyali 900 kwa mwezi, siku moja ya kupumzika kwa wiki. Alipotua Riyadh watu wa maktab, yaani ofisi ya upande wa kule, walichukua paspoti hapo hapo eapoti. Nyumba ikawa ya ghorofa tatu, watu kumi na mmoja, na Ijumaa anapelekwa kusafisha kwa mama yake madam. Simu ikachukuliwa wiki ya pili. Mwezi wa kwanza alilipwa. Wa pili hakulipwa, wa tatu hakulipwa, wa nne akaambiwa pesa yako tumeilipa ofisini tulipokununua. Halafu akahamishwa nyumba nyingine mji mwingine bila kuambiwa kitu, wasichana wanasema hivyo kwa neno moja tu, "nimeuzwa", na wanalisema kawaida kabisa kama mtu anayesema nimehama.

Nilijuaje? Alikuwa anatoka kutupa taka usiku, akakutana na msichana wa Uganda wa nyumba ya pili ambaye alikuwa na simu kaificha ndani ya pakiti ya pedi. Akanipigia namba iliyo kichwani. Dakika mbili na sekunde kumi, nimeiweka ile rekodi ya simu mpaka leo. Hakulia. Alitaja jina la mtaa kama alivyolisoma kwenye duka, akasema dada siku ya tatu nakula mkate tu, akakata.

Wenzake walimwambia akemboi. Kama hujui, kemboi ni neno la Wakenya wa Saudi, limetoka kwa jina la yule bingwa wetu wa mbio, maana yake kutoroka kwa mwajiri. Mimi usiku ule sikulala kwa sababu sikujua nimwambie nini. Ukitoroka, mwajiri anakuripoti huroob, yaani mtoro, na hapo wewe uliyeonewa ndio unakuwa mhalifu, ukishikwa ni kizuizini. Mfumo wa kafala ndio ulivyo, kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa jina la kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini. Na wafanyakazi wa nyumbani hawamo kwenye sheria ya kawaida ya kazi ya Saudi, hata yale mabadiliko ya Machi 2021 ya kuruhusu mtu kubadilisha mwajiri hayakuwafikia. Kwa hivyo utamwambia kaa, anakufa njaa, utamwambia toka, anashikwa. Mwaka huo huo wa 2021 bunge letu liliambiwa Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi ndani ya kama miaka miwili, na wengi waliandikiwa moyo umesimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, moyo umesimama. Mimi nilikuwa na hiyo namba kichwani usiku kucha.

Asubuhi nikachukua ile bahasha juu ya kabati nikapanda basi kwenda kulalamika.

Sitaitaja ofisi. Foleni ilikuwa ndefu, na yule karani swali lake la kwanza hakuuliza dada yako anaitwa nani ama yuko hai, aliuliza namba ya mkataba. Nikatoa. Akauliza namba ya viza, nikatoa. Jina na namba ya kitambulisho cha mwajiri, iko kwenye mkataba, nikatoa. Ajenti, risiti, nikatoa. Akaniangalia akasema wewe umejipanga, akaanza kuandika.

Nyuma yangu kulikuwa na mama kutoka upande wa Taveta, leso mbili, viatu vya plastiki, amesafiri usiku. Binti yake alikuwa kimya miezi miwili. Yeye alikuwa na picha ya binti kwenye simu, amesimama eapoti na suti ya kampuni, basi. Hakujua jina la ajenti, alijua jina la kijana aliyemleta. Akaulizwa namba ya mkataba, akasema mwanangu alienda nayo. Akaambiwa mama kwanza tafuta karatasi halafu urudi. Hivyo tu. Alisimama pale kidogo kama aliyesahau njia. Nilimpa namba yangu na nikajaribu kumsaidia kutafuta, ilichukua wiki nyingi mpaka tukapata jina la kampuni kutoka kwa msichana mwingine aliyesafiri naye siku moja.

Na hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yalipo, naomba mnielewe vizuri. Ule mkataba ili utoke, lazima upite serikalini, unakaguliwa na unapigwa muhuri. Upande wa Saudi nako maombi yote ya wafanyakazi wa nyumbani yanapita kwenye mfumo wao wa Musaned. Yaani hiyo karatasi serikali inayo! Ipo kwenye kompyuta yao wenyewe. Halafu mama wa Taveta anaambiwa akaitafute. Kazi ya kwanza ya mlanguzi popote duniani ni kukunyang'anya karatasi na simu, hiyo inajulikana, na kuzuia karatasi za kusafiria za mtu ni kosa ndani ya sheria yetu wenyewe. Sasa inakuwaje huduma ya kumwokoa aliyenyang'anywa karatasi inaanza kwa kudai karatasi? Wangefanya kitu kidogo tu, mtu akisaini mkataba aandike jina la ndugu mmoja na namba yake ya simu, na huyo ndugu akija na kitambulisho chake afunguliwe faili. Mambo yote ya bando, nyumba, gari na mifugo tunafanyia kwenye simu siku hizi, hili linashindikana vipi?

Kilichomtoa mdogo wangu hasa hasa kilikuwa leseni. Hili nawaambia wote. Kenya ina maofisa wa kazi kwenye balozi zetu za Riyadh, Doha na Abu Dhabi, na ni jambo zuri wapo, lakini ofisa mmoja na maelfu ya watu ni kijiko baharini. Ila yule ajenti wa huku, leseni yake inabidi ifanywe upya, na hawezi kupenda faili lenye malalamiko yaliyoandikwa na kupokelewa muhuri. Nilipompigia simu tu aliniambia dada yako ni mvivu. Nilipompelekea kopi ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, jioni hiyo hiyo akanipigia yeye. Siku 41 kutoka ile simu ya takataka mpaka kutua. Ziandikeni barua, msipige simu peke yake. Na ile kopi yenye muhuri usimpe mtu, mpe kopi ya kopi.

Kurudi sasa. Alikuwa na kilo 43. Tulipoenda kituo cha polisi, nacho sitakitaja, afisa wa kaunta akasikiliza kidogo akauliza, si ulienda mwenyewe? Akasema ndio. Ulisaini mwenyewe? Ndio. Akaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, "mzozo wa mshahara". Mdogo wangu akatazama chini mpaka tukatoka. Njiani akaniambia pengine ni kweli, mimi ndio nilienda.

Hiyo sentensi ilinichoma kuliko yote. Nikarudi saiba, nikaitafuta Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, nikaichapisha kwa karatasi yangu, nikaisoma na kalamu nyekundu. Na jamani ni sheria nzuri. Inasema kama umepatikana kwa udanganyifu, vitisho, nguvu ama kwa kutumia shida yako, basi kukubali kwako hakuna uzito wowote. Kwenda mwenyewe hakumsafishi aliyekudanganya. Inasema mhasiriwa hashtakiwi kwa kosa alilolitenda kwa sababu ya kulanguliwa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua milioni 30 ama vyote viwili, akirudia ni maisha. Kenya iliingia kwenye ule mkataba wa Palermo wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na ulanguzi, 2005, sheria ikatungwa 2010, ikaanza kutumika 2012. Miaka yote hiyo, na kaunta bado inauliza si ulienda mwenyewe.

Nikarudi na ile karatasi. Sikugombana na mtu. Niliiweka juu ya kaunta nikaonyesha kwa kidole pale penye wino mwekundu. Afisa mwingine, mwanamke, akaisoma yote kimya, akaivuta OB, akaandika upya. Halafu akatuelekeza kwa kitengo cha DCI, yaani idara ya upelelezi, cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto, wana ofisi Nairobi na hapa Mombasa, na hawa nawasifu kwa jina. Walituketisha chumba kisicho na kaunta, wakamwacha aongee kwa mpangilio wake, akirudi nyuma wanarudi naye, akinyamaza wananyamaza. Karibu masaa mawili. Ndio mara ya kwanza nilimwona mdogo wangu akinyoosha mgongo. Kesi bado, sina la kusema zaidi.

Msaada baada ya hapo ndio ile nyota moja na nusu. Sheria imeweka mfuko wa taifa wa kuwasaidia waathiriwa, matibabu, makao, ushauri, kurudishwa nyumbani, vizuri sana kwa maandishi. Lakini ripoti za Marekani kuhusu ulanguzi zimekuwa zikitaja kwa miaka kadhaa bajeti ya shilingi milioni 20 kwa mwaka. Milioni 20 kwa nchi nzima, wakati faini ya chini ya mlanguzi mmoja ni milioni 30. Makao ya kuwapokea mengi yanaendeshwa na mashirika na makanisa. Aliyemsikiliza mdogo wangu kila Jumanne kwa miezi mitano ni mshauri wa shirika, bila malipo, na bila huyo dada sijui tungekuwa wapi. Mtu aliyerudi hivi hahitaji nauli peke yake, alikuwa anaamka saa kumi usiku kupiga deki sebule ya mamangu gizani.

Kwa upande wa watoto niseme haraka, namba 116 ni ya bure na inapokea saa zote, nimeipiga mara moja kwa mtoto wa kike aliyeletwa mjini kutoka bara kufanya kazi ndani, wakashughulikia. Nyota tano. Ulanguzi si wa ndege tu, mwingine unakuja na matatu.

Na vijana wa kiume msijione mko salama. Hizi kazi za kompyuta za Thailand, mshahara wa dola, kiingereza tu kinatosha, Wakenya wengi wamejikuta wamevushwa mpaka Myanmar upande wa Myawaddy, wamefungiwa wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na 2025 makundi makubwa ya watu wa nchi nyingi yalitolewa huko, wetu wakiwemo. Nao walienda na viza ya kutembea. Wenye vyeti vya chuo. Kijana mmoja mteja wangu alikuja nimchapishie barua ya kazi ya huko, nikamuuliza kampuni iko kwenye rejista, akasema hii haihitaji ajenti, ni moja kwa moja. Tulikaa naye kama nusu saa. Hakuchapisha.

Kwa hivyo nikiulizwa, zitumieni hizi huduma? Zitumieni, tena zote, kwa sababu bila hizo uko mikononi mwa shangazi. Lakini jueni zinafanya kazi kwa mwenye karatasi mkononi, kwa hivyo karatasi zibaki nyumbani kabla mtu hajapanda ndege. Hapa saiba nimeweka bei, anayesafiri kazi natoa seti nzima ya kopi kwa shilingi 50 na bahasha juu yangu, na nawapiga picha nawatumia kwa WhatsApp ya ndugu wawili, mmoja akipoteza simu mwingine anayo.

Alhamisi iliyopita alikuja binti wa jirani, miaka 22, na mama yake. Qatar. Tukafungua rejista, kampuni ipo, leseni hai. Namba ya simu kwenye barua yake ikawa si ile ya kwenye rejista. Tukampigia yule wa rejista tukiweka spika, akasema hatuna mtu wa jina hilo. Mama alikuwa na elfu 20 amezifunga kwenye ncha ya leso. Akaifungua ile leso, akazihesabu pole pole mezani kwangu, zote zipo, akazifunga tena.